Madonge ya Vidole Vitatu

Dakika saba.

Hizo tu ndizo alizokuwa nazo. Dereva wa Kamaz ya bluu alikuwa ameingia mgahawani kunywa chai, na hapa Murghab, juu kwenye milima ya Pamir, hakuna dereva anayekunywa bakuli moja la chai ya maziwa na chumvi akanyanyuka. Mabakuli mawili ni lazima, la sivyo mwenye mgahawa atakasirika. Dakika saba basi, au nane kama ana porojo.

Oyimsulton alidandia lori kwa nyuma na kujitumbukiza chini ya turubai.

Vumbi. Harufu ya maziwa yaliyochacha. Magunia arobaini.

Akachomoa kisu chake cha Victorinox, akafumua mshono wa gunia la tatu na kuingiza mkono. Ndani mlikuwa na kurut, yale madonge ya maziwa mgando yanayokamuliwa maji, yakafinywa kwa kiganja na kuanikwa juani hadi yawe magumu kama kokoto. Kila nyumba ya Pamir inayo. Watoto huyamumunya njiani kwenda shule. Mbwa wa polisi akiyanusa hupiga chafya akaenda zake, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wenyewe.

Akavunja moja kwa kitako cha bastola yake aina ya Makarov. Katikati mlikuwa na kijipakiti cha nailoni, kimejaa, kimefungwa kwa moto.

Heroini.

"Mwewe, vipi huko?" Sauti ya Meja Tynchtyk ilimjia sikioni. Meja alikuwa ndani ya mgahawa, meza ya pili kutoka kwa dereva, amejifanya dereva wa watalii.

"Mzigo upo."

"Basi fanya haraka. Jamaa yuko bakuli la pili. Mimi niko la nne, na choo cha hapa kiko ng'ambo ya barabara."

Oyimsulton alitoa kifaa cha kufuatilia, kidogo kama haragwe, akakisukuma hadi kitovu cha gunia. Akaokota donge moja lililokuwa limeanguka ili alirudishe. Turubai lilikuwa na tundu, na mwanga wa asubuhi ukaliangukia lile donge mkononi mwake.

Akalisogeza karibu na jicho.

Mwanamke anapofinya kurut, vidole vyake huacha mifereji minne. Hili lilikuwa na mitatu. Palipopaswa kuwa na kidole cha shahada, palikuwa na uvimbe laini ambao haukuguswa.

Akatoa la pili. Mitatu. Akatoa la tano, la kumi, akafumua na gunia jingine kabisa. Mitatu, mitatu, mitatu.

Aliujua mkono ule. Ulimsuka nywele utotoni. Kidole chake kilikatwa na jiwe la kinu cha maji, na yeye Oyimsulton ndiye aliyeshika taa wakati kinafungwa kitambaa.

"Mwewe! Analipa!"

Akatia donge moja mfukoni, akaibana mishono kwa pini mbili na kuruka chini. Dereva alipotoka akijifuta masharubu, alimwona mwanamke mwenye kilemba chekundu anavuka barabara na ndoo ya maji, wala hakumwangalia mara mbili.

*

Kamaz ilitangulia kilomita nne. Niva nyeupe ikafuata nyuma, Meja Tynchtyk kwenye usukani, Oyimsulton pembeni na kompyuta ndogo mapajani. Kwenye kioo chake nukta nyekundu ilikuwa inapanda polepole kuelekea kaskazini.

"Mwewe, hapa Kilele." Kilele ndilo lilikuwa jina la chumba cha pamoja kule Almaty, na aliyekuwa akizungumza ni Kanali Raushan, mwanamke wa Kikazaki ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. "Nukta tunaiona. Nawakumbusha mpango. Lori lipite mpaka wa Kyzyl-Art bila kuguswa, askari wa pande zote mbili wameshaambiwa. Saa nane mchana Haji Kubatbek atalipokea Sary-Tash kwa mkono wake mwenyewe. Akilishika, mnamshika. Swali?"

"Hakuna," alisema Tynchtyk.

"Mwewe?"

"Hakuna," alisema Oyimsulton, na donge mfukoni likawa linamchoma paja.

Miaka minne nchi nne zilikuwa zinamsaka Haji Kubatbek. Muuza chai wa jumla, mtu wa sadaka na dua, kila harusi ya mji wa Osh ina picha yake. Hajawahi kugusa mzigo hata mara moja. Leo, kwa sababu alishaanza kuwatilia shaka watu wake, alitaka aukague mwenyewe.

"Hii ni safari ya saba," Tynchtyk alisema huku akikwepa shimo. "Mtoa habari wetu anaapa. Mara sita kurut imeingia Osh, mara sita sisi tumeipungia mkono. Mwaka jana mjini kwetu tuliokota maiti tisini na tatu. Sindano bado mkononi. Nikawa najiuliza, jamani, huu mzigo unapita wapi, unaruka kama ndege?" Akamtupia jicho. "Mbona leo kimya, dada? Wapamiri mkinyamaza mimi naogopa. Bora mnitukane."

"Angalia barabara."

"Barabara ipo tu, haijaenda popote."

Oyimsulton alitazama nje. Milima ya rangi ya majivu, nguzo za simu, uzio wa mpaka wa China ukikimbia sambamba na gari. Alitaka kunyamaza. Niseme ukweli, alikuwa ameshaamua kunyamaza. Kazi iishe, Haji afungwe, na yaliyo nyuma ya yale madonge yamezwe na faili. Wangapi wamefanya hivyo wakapandishwa cheo? Wengi tu, na wanalala usingizi mzuri.

Walipoliona ziwa Karakul likimetameta kwa mbali, akalitoa lile donge na kuliweka juu ya dashibodi.

"Huu ni mkono wa shangazi yangu," alisema.

Tynchtyk alilitazama donge, akamtazama yeye, akakanyaga breki kidogo bila kukusudia.

"Shangazi yako ni mfanyabiashara wa heroini?"

"Shangazi yangu ni mtoa habari. Wangu."

Akaeleza, kwa maneno mafupi, maana marefu yangemkwama. Shangazi Bakhtibegim anaishi ng'ambo ya mto Panj, upande wa Afghanistan, saa moja kutoka kisiwa cha Ishkashim, katikati ya mto huo, ambako watu wa pande mbili hufanya soko kila Jumamosi. Miaka miwili iliyopita Oyimsulton alikutana naye sokoni hapo, akamwambia: kuna watu watakuja kutafuta wanawake wa kufinya kurut. Kubali. Usiulize. Usiache mpaka nije nikuambie mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Halafu?"

"Halafu soko likafungwa kwa sababu ya usalama. Nikahamishiwa Dushanbe. Yeye hana simu. Miezi sita hakuna habari, nikaandika kwenye faili: chanzo kimekauka, jalada lifungwe. Nikatia sahihi."

"Na yeye?"

"Yeye hakujua kama kuna faili, Tynchtyk. Aliambiwa asiache."

Tynchtyk alilichukua lile donge, akaipapasa mifereji yake kwa kidole gumba.

"Safari sita," alisema Meja hatimaye, polepole.

"Sita."

"Tisini na watatu."

"Najua kuhesabu!" Sauti ilimtoka kwa ukali. Kisha ikashuka. "Sikiliza. Kabla soko halijafungwa aliniambia msimamizi anayemletea zile pakiti anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Tukimkamata Haji saa nane, saa nane na dakika tano simu itapigwa kijijini. Wala hawatauliza nani kasaliti. Magunia yote arobaini yamefinywa na mkono mmoja."

Tynchtyk alitoa kofia yake, akakuna kichwa, akairudisha.

"Sasa unangoja nini? Mpigie yule mama wa barafu."

*

"Rudia," alisema Kanali Raushan.

Oyimsulton akarudia.

"Jalada hilo lilifungwa. Nani alilifunga?"

"Mimi, Kanali."

"Uliyeandika kwamba chanzo kimekauka ni nani?"

"Mimi."

Redio ya upepo ilikoroma.

"Sisimamishi operesheni ya nchi nne kwa ajili ya mtu mmoja. Ila kutoka sasa mpaka Haji aguse mzigo, muda ni wako. Nakuunganisha na Kivuko. Laini hii inasikika kote, Almaty, Bishkek, Dushanbe na Kabul. Mwisho."

Kivuko alikuwa Kapteni Ferozuddin, Mwafghani, kijana mrefu mwenye kikohozi, ambaye Oyimsulton alikuwa amemwona mara moja tu kwenye mafunzo. Hakuuliza maswali. Alisema, "Nipe jina la kijiji," kisha ikasikika injini ya Corolla yake ikinguruma.

Walivuka Kyzyl-Art saa sita na nusu. Askari wa forodha alipapasa magunia mawili ya Kamaz, akapiga mwayo na kuinua kizuizi. Aliigiza vizuri kuliko wengi wa kwenye televisheni.

Simu ya setilaiti, Thuraya ya zamani iliyofungwa kwa utepe, ililia walipokuwa wanateremka kona za upande wa Kirgizi.

"Mwewe, niko nyumbani kwake." Ferozuddin alikuwa ananong'ona. "Nimejifanya mnunuzi wa samli. Nimemwambia twende, nimetumwa na wewe. Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kila kitu. Anasema aliambiwa asiache mpaka wewe mwenyewe umwambie. Anasema mimi ni tapeli na samli haniuzii."

"Mpe simu."

Mchakacho wa mikono. Kisha sauti ambayo Oyimsulton hakuwa ameisikia kwa miaka miwili, ya chini, yenye kukwaruza kidogo.

"Nani huyo?"

"Shangazi, ni mimi. Oyim."

"Oyim wangu hana sauti ya bati."

"Ni hii simu, shangazi. Ni mimi. Acha ile kazi. Ondoka na huyo kijana sasa hivi."

"Mtu yeyote anaweza kusema ni Oyim. Juzi juzi hapa wametujia watu na simu, wanaiga mpaka sauti za marehemu." Akakohoa. "Kama ni wewe, niambie, siku ile naondoka, nilikuuliza nini pale mtoni?"

Oyimsulton alifunga macho.

Laini ilikuwa wazi. Makao makuu manne yalikuwa yanasikiliza, kinasa sauti kinazunguka, wakalimani wameshika kalamu. Jambo lile hakuwahi kumwambia mume wake wala mama yake. Pembeni yake Tynchtyk alikaza macho barabarani kama mtu anayejitahidi asiwepo.

"Ulikuwa mwaka wa njaa," alisema. "Mwaka wa vita. Nilikuwa na miaka tisa. Yule mtu wa ng'ambo alikuwa ameleta magunia mawili ya ngano kukuposa, na baba alikuwa ameshindwa kusema ndiyo, ameshindwa kusema hapana. Ukanishika mabega pale kwenye mawe. Ukaniuliza, 'Oyim, niende, nisiende? Ukisema nisiende, siendi.'"

"Nikajibiwa nini?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nikajibiwa nini?"

Niva ilipiga jiwe, ikaruka.

"Nikasema, 'Nenda, shangazi. Nina njaa.'"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Ulikuwa mtoto," ilisema ile sauti, na sasa ilikuwa imelainika.

"Wakati ule nilikuwa mtoto. Miaka miwili iliyopita sikuwa mtoto. Nimekutuma mara mbili, shangazi, na mara zote mbili nikakaa nikala mkate. Sasa nakuambia kwa mdomo wangu. Kazi imekwisha. Vaa viatu."

"Na wanyama wangu? Nina ng'ombe wa manyoya watatu, mmoja amezaa juzi. Nani atakama?"

"Shangazi!"

"Usinifokee. Mnyama hajui mambo yenu ya serikali."

Ikasikika sauti ya Ferozuddin, imekata tamaa kabisa: "Mama, nitakuja kuwakama mimi mwenyewe. Wallahi. Twende!"

"Wewe? Mikono hiyo?" Lakini viatu vilisikika vikiburutwa, na mlango ukalia.

*

Sary-Tash ni njia panda tu, na nyumba chache za bati zilizochoka na upepo. Kamaz ilisimama mbele ya mgahawa saa nane kasoro robo. Saa nane kamili Land Cruiser nyeupe ikaja nyuma yake. Walinzi wawili wakashuka kwanza, makoti yamevimba ubavuni. Kisha Haji Kubatbek, mzee safi mwenye ndevu za kuchana na kofia ya manyoya meupe.

Oyimsulton alikuwa ndani, meza ya dirishani, Tynchtyk pembeni yake, na sahani ya manti, zile sambusa za mvuke, mbele yake ambayo hakuigusa. Alimwona Haji akipanda lori kwa uzito. Alimwona akishika donge, akilipasua kwa meno, akitema na kutabasamu. Kifungo cha koti la Oyimsulton kilikuwa kamera, na kilipiga picha kumi na moja.

"Ameshika," ilisema sauti ya Kilele sikioni. "Ushahidi upo. Mkamateni."

Oyimsulton akanong'ona ndani ya bakuli la chai. "Kivuko, uko wapi?"

"Lango la daraja la kisiwani. Soko limefunguliwa tena Jumamosi hii." Ferozuddin alihema. "Foleni ya wanawake ni ndefu, wanakaguliwa mmoja mmoja. Nikimpitisha kwa nguvu kila mtu atajua. Na msimamizi wake yuko hapa hapa sokoni, ananunua betri. Simu iko mkononi."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Hamna kumi," alisema Kanali. "Haji anaingia kunawa mikono, kisha anaondoka. Akishaingia mabondeni tumempoteza. Mwewe, hii ni amri."

Haji aliingia. Akanawa kwenye birika pembeni ya mlango, akajifuta, akamwagiza dereva wake aliyekuwa nje awashe gari. Walinzi walisimama huku na huku.

Mkono wa Oyimsulton ulikuwa tayari kwenye Makarov chini ya kitambaa cha meza. Risasi nane. Haji mmoja upande huu, shangazi mmoja upande ule, na kwa mara ya tatu maishani mwake alikuwa anaulizwa amwambie yule mwanamke nini.

Tynchtyk aliweka bakuli lake chini.

"Niachie," alinong'ona. "Huyu mzee ana ugonjwa, na dawa yake ninayo."

Akainuka, akavua kofia, akamwendea Haji amejikunja kwa heshima kama mkwe.

"Assalamu alaikum, baba. Mungu amekuleta. Mimi nina mabinti wanne. Usiku wa kuamkia jana mke wangu amejifungua wa kiume. Sikupata mzee wa kumwombea. Na leo nakukuta wewe, wewe mwenyewe! Mwombee mwanangu dua, baba, usiniache hivi."

"Mungu amkuze," alisema Haji akielekea mlangoni. "Nina haraka, mwanangu."

"Bila hata kuonja mkate?" Mama mwenye mgahawa alikuwa ameshatoka jikoni na mkate wa moto kwenye kitambaa. Huyu hakuwa na habari yoyote ya serikali. Alikuwa amesikia mtoto wa kiume baada ya mabinti wanne. "Haji mzima aingie kwangu aondoke hajauonja mkate? Watu watasemaje?"

Madereva kumi na wawili waliacha kutafuna, wakamgeukia.

Ni desturi yao. Mkate ukishawekwa mbele yako hutoki bila kuumega, na dua ikiombwa mbele za watu mzee hawezi kuinyima. Lakini sitaki kumsingizia Haji kwamba alilazimishwa. Aliyaona macho yale yote yakimtazama, na uso wake ukakunjuka. Mwenye kupenda sifa humfungi kamba, unamsifu tu. Akaketi. Akamega mkate. Akainua viganja.

Na wallahi mzee yule alijua kuomba! Alimwombea mtoto umri. Akamwombea farasi, kondoo na mke mwenye adabu. Akashukuru mababu saba mmoja mmoja. Mlinzi wa kushoto alitazama saa.

"Wanne mbele yetu," alisema Ferozuddin sikioni.

Haji akaingia kwenye afya. Macho ya mtoto, meno ya mtoto.

"Wawili."

Akamwombea aepushwe na marafiki wabaya, na ulevi, na kila kitu kinachoharibu vijana wa siku hizi. Tynchtyk, kichwa chini, alikuwa amekaza taya mpaka mshipa umemsimama.

"Msimamizi anatutazama," alisema Ferozuddin. Kisha: "Amegeuka. Mama amekanyaga daraja. Anatembea. Haraka basi, mama, haraka... Ameingia kisiwani. Amepita. Yuko upande wenu! Amepokelewa!"

"Omin!" alisema Haji Kubatbek.

Na watu wote mle ndani wakainua mikono kujipaka uso. Madereva. Mama mwenye mkate. Walinzi wawili nao, maana ile mikono imefundishwa hivyo tangu kunyonyeshwa, na haingoji ruhusa ya kichwa. Viganja vinne vikaacha bastola vikapanda nyusoni.

Oyimsulton peke yake hakujipaka uso.

"Mikono hapo hapo ilipo!" Makarov ilikuwa imeshatoka. "Asiishushe mtu!"

Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo, vikosi vya Bishkek vilivyokuwa vimejibanza uani vikamwagika na bunduki fupi. Mlinzi wa kushoto alijaribu. Tynchtyk alimpiga bakuli la chai la moto usoni, akalala. Ndani ya nusu dakika pingu zilikuwa zimelia mara tatu, na nje dereva wa Kamaz alikuwa amelala kifudifudi kwenye changarawe akilia kwamba yeye amebeba maziwa tu.

Haji alimtazama Tynchtyk, ndevu zinatetemeka.

"Nimemwombea mwanao."

"Omin, Haji. Nikimpata nitamwambia."

Kisha mzee akamgeukia Oyimsulton, na sauti yake ikawa tulivu, ya mtu anayejua mahali pa kuchoma.

"Binti, mimi nilikuwa napokea tu. Muulizeni aliyekuwa anafinya. Miaka miwili, usiku na mchana. Huyo ndiye mwuaji wenu."

Oyimsulton alimkaza pingu tundu moja zaidi. Mwuaji aliyekuwa akimjua yeye hakufinya chochote. Alitia sahihi tu.

Saa nane na dakika ishirini na sita, simu ilipigwa kijijini. Watu walikimbilia nyumba ile na shoka. Walikuta chungu cha maziwa bado vuguvugu na ng'ombe watatu wakilia kwa kutokukamuliwa.

*

Jumatatu asubuhi, mjini Khorog. Nyumba ya wageni ya serikali, chumba cha juu, mto Gunt ukivuma chini ya dirisha.

Shangazi Bakhtibegim alikuwa amekaa pembeni ya kitanda kama mtu anayengoja kuitwa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ukimwona ungempa sitini. Oyimsulton alipoingia, aliinuka. Wakashikana mikono wakabusiana viganja kwa pamoja, kama wanavyosalimiana watu wa kwao, na midomo ya Oyimsulton ikagusa kile kisiki cha kidole. Hakuinua kichwa upesi.

"Umekonda," alisema shangazi.

"Wewe pia."

"Mimi nimezeeka. Si sawa." Akampapasa shavu. "Yule kijana mrefu amekwenda kukama?"

"Amekwenda. Amepigwa teke."

Shangazi akacheka, akajiziba mdomo. Kisha kicheko kikaisha na akawa anaangalia mapaja yake.

"Oyim. Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche."

"Uliza."

"Walipokuwa wanakuja kuchukua magunia, nilikuwa nasema moyoni, Oyim yuko barabarani huko mbele, anayangoja. Anayakamata anayamwaga mtoni. Nilikuwa nafinya ovyo makusudi, nisiufiche mkono wangu, ili uyajue." Akakisugua kile kisiki cha kidole. "Nilimwona mtoto wa jirani kule, alivyokufa na kile kitu. Alikuwa wa bluu. Siku hiyo nilitaka kuacha, ila nilikuwa nimekuahidi. Sasa niambie. Zile safari sita nyingine. Mliyakamata?"

Chini barabarani gari lilipiga honi. Meja Tynchtyk alikuwa anangoja, wana ndege ya saa nne.

Oyimsulton alimtazama machoni. Alikuwa amefundishwa hivyo, kumtazama mtu machoni, kupumua kwa pua, kutopepesa. Alishawahi kuwadanganya majenerali wawili na mashine moja ya Kijerumani ya kunasa uongo.

"Tuliyakamata," alisema.

"Yote?"

"Yote, shangazi. Hakuna hata donge moja lililopita."

Mabega ya yule mwanamke yalishuka. Akafunga macho, akainua mikono yake, wenye vidole vitano na wenye vinne, akajipaka uso, na machozi yakapita katikati yake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilijua. Nilisema, Oyim hawezi kuniacha nifanye kitu kile bure."

Oyimsulton alimfunika shuka mabegani. Akavaa miwani yake myeusi humo humo chumbani. Akashuka ngazi, mgongo umenyooka, hatua za kuhesabika. Askari wa lango alipiga saluti. Mwandishi wa idara alimkimbilia na karatasi ya ripoti, sehemu ya sahihi imewekwa alama ya msalaba, akasema, "Hongera, afande, nchi nne zinakusifu."

Akachukua kalamu akatia sahihi, akaingia garini.